Jivu, Vumbi na Dumuzi: Historia ya Ghala la Mahindi Nyanda za Juu Kusini

Mahindi ni mgeni Ubena, nchi ya Wabena kusini mwa Tanzania. Asili yake ni Meksiko. Yalivuka bahari katika zama za Wareno, yakaingia bara polepole, kijiji baada ya kijiji, mpaka yakafika kwenye mabonde ya Njombe na tambarare za Usangu. Katika safari hiyo ndefu yalimwacha nyuma adui yake mkubwa kuliko wote, na kwa karne kadhaa Afrika Mashariki ilipanda mahindi, ikavuna na kuhifadhi bila kumjua. Alipofika, jembe halikuwa na la kufanya. Alipigwa vita ghalani kwa vumbi: jivu la mafigani, poda za viwandani, na mwishoni unga wa mwamba uliotokana na viumbe wadogo wa majini waliokufa zamani za kale.

Ilembula ni mahali pazuri pa kuielewa vita hiyo. Iko magharibi ya Makambako, kwenye tambarare za Wanging'ombe, na wengi nchini huifahamu kwa sababu ya hospitali yake ya Kilutheri. Ukitoka huko kwenda Njombe mjini unapanda hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye ukungu na baridi ya kuwashia mkaa ndani ya nyumba. Kwa mwendo usiomaliza siku umepita hali ya hewa mbili tofauti, na wadudu wa ghala hufuata joto na unyevu, wala hawaulizi mpaka wa wilaya.

Kabla ya mahindi kutawala, watu wa nyanda hizi walitegemea sana ulezi. Punje ya ulezi ni ndogo mno, na wadudu wengi wa ghala hawapati nafasi ya kukulia ndani yake, hivyo ukikauka vizuri hukaa miaka. Ghala la ulezi lilikuwa akiba ya kweli, na ndiyo maana majeshi ya Kijerumani katika Vita vya Majimaji, kuanzia 1905 hadi 1907, yaliyachoma maghala na mashamba. Wabena walioshambulia misheni ya Yakobi mwaka 1905 walilipizwa kisasi kwa njaa. Wajerumani walijua kwamba asiye na kihenge hawezi kupigana msimu wa pili.

Miaka michache kabla ya vita hiyo, mwanasayansi Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Kijerumani, alizunguka Ziwa Nyasa na milima ya Ukinga akikusanya wanyama na wadudu kwa ajili ya makumbusho ya Berlin. Msafara huo ulikuwa pia na mtaalamu wa mimea, Walter Goetze, aliyefariki mwaka 1899 kabla kazi haijaisha. Jina la Fülleborn limebaki kwenye viumbe kadhaa wa nyanda hizi. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba milima ya Kipengere na uwanda wa Kitulo vina vipepeo, panzi na mende wasiopatikana kwingine duniani. Mnorwei Jan Kielland alitumia miaka mingi kuwakusanya vipepeo wa Tanzania, akachapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1990. Kazi hizo nazithamini sana. Hata hivyo, wadudu wa kihengeni walipata wapenzi wachache zaidi, ilhali ndio waliokuwa wakiamua kama mama atakopa unga mwezi wa Februari.

Mahindi yalipochukua nafasi ya ulezi, hesabu ya ghala ilibadilika. Punje ya mahindi ni kubwa na ina kiini chenye mafuta. Fukusi, yule mdudu mwenye pua ndefu, hutoboa tundu, hutaga yai moja ndani, kisha huliziba. Funza hukulia humo humo bila kuonekana, na siku punje inapotobolewa kwa nje, kazi imekwisha. Kuna pia nondo wa nafaka, ambaye huanza kushambulia mahindi yakiwa bado shambani. Wakulima walijitafutia kinga. Mahindi ya mbegu yalifungwa kwa maganda yake na kutundikwa juu ya mafiga, moshi ukayapaka masizi na kuyakausha. Mengine yalikaa darini au kwenye vihenge yakiwa na magunzi yake. Yaliyopukuchuliwa, hasa mbegu na maharage, yalichanganywa na jivu.

Kwa nini jivu? Jibu la kawaida lilikuwa kwamba wadudu hawalipendi. Mabwana shamba wa kikoloni waliandika kwamba linajaza nafasi kati ya punje, mdudu akakosa njia. Yote mawili yana ukweli wake. Sababu iliyo nzito zaidi ilijulikana katikati ya karne ya 20, na ilitoka kwenye maabara za mbali.

Mwingereza Vincent Wigglesworth, aliyefanya kazi katika chuo cha afya na tiba ya nchi za joto jijini London, alikuwa akichunguza namna mdudu anavyoweza kuishi mahali pakavu bila kukauka. Mdudu ana mwili mdogo na eneo kubwa la ngozi ukilinganisha na maji aliyonayo, kwa hiyo angepaswa kufa kwa kiu katika muda mfupi. Wigglesworth alionyesha kwamba kinachomwokoa ni tabaka jembamba la nta juu ya gamba lake. Nta ikiyeyushwa kwa joto au ikikwanguliwa, maji hutoka na mdudu hunyauka. Mwaka 1944 aliandika kuhusu mavumbi yasiyo na sumu: mdudu anayetambaa juu yake hujikwaruza, nta ikachanika, akapoteza maji. Mwaka huo huo Alexander na wenzake, pia wa London, walichapisha utafiti wao juu ya unga wa aina nyingi na kuonyesha kwamba ukubwa wa chembe na ugumu wake vina uzito mkubwa.

Jambo halikuishia hapo. Huko California, Walter Ebeling alishughulika na mchwa wa mbao kavu, wadudu wanaokula nyumba kutoka ndani. Aligundua kwamba unga laini usio mgumu kabisa unaweza kuua haraka kuliko unga mkali, mradi tu uwe na vinyweleo vingi na uwezo wa kunasa mafuta. Mwaka 1961 alieleza kwa kirefu kwamba kinachofanyika zaidi ni kunasa: nta ya mdudu huhama kutoka kwenye gamba na kushikwa juu ya uso wa chembe za vumbi. Kukwaruza kupo, lakini si sababu kuu. Vumbi hilo haliingii tumboni wala halivurugi mishipa ya fahamu. Humvua mdudu koti lake, hewa ikamaliza kazi.

Naamini hapa ndipo jivu la mafiga lilipopata heshima yake. Jivu lina chembe nyingi laini, na majivu ya baadhi ya mimea, kama pumba za mpunga, yana silika nyingi. Linanasa, ila linanasa kidogo. Ndiyo maana kijiko kimoja hakikutosha, na aliyetaka kufanikiwa alilazimika kuchanganya jivu jingi na nafaka chache. Kwa debe la mbegu inawezekana. Kwa magunia ishirini ya chakula na ya kuuza, jivu hilo litatoka jiko gani?

Na magunia yaliongezeka kweli. Katika miaka ya 1970 nyanda za juu kusini ziligeuzwa kuwa kapu la taifa. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, serikali ikaweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji likanunua hata kwenye vijiji vya mbali bila mkulima kubeba gharama ya usafiri. Iringa, ambayo wakati huo ilijumuisha Njombe yote, pamoja na Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikajulikana kama mikoa minne mikubwa kwa chakula. Mbolea ikaja, mbegu chotara zikaja. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ikapita Makambako, na mji ule ulioko kwenye njia panda ya Mbeya na Songea ukawa mlango wa nafaka. Chotara zilizaa sana, ila nyingi zilikuwa na punje laini na maganda yasiyofunika ncha ya gunzi, tofauti na mahindi magumu ya kienyeji. Fukusi walishukuru.

Wakati huo huo, Tabora ilikuwa inapata mgeni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa huko walianza kuona mahindi yao yakigeuka unga yakiwa bado kwenye magunzi. Inaaminika mdudu aliingia na shehena ya mahindi kutoka ng'ambo. Mwaka 1981 wataalamu walimtambua rasmi: *Prostephanus truncatus*, aliyeelezwa kisayansi na Mmarekani George Horn mwaka 1878, mwenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati. Kwa Kiswahili aliitwa dumuzi. Wengine walimwita Skania, kwa jina la malori makubwa ya enzi hizo.

Dumuzi ana urefu wa milimita tatu hadi nne na ushei, rangi ya kahawia iliyokolea, umbo la kipande cha mrija, na kichwa chake kimeinama chini ya kifua hata ukimtazama kwa juu hukioni. Ukoo wake ni wa watoboa mbao, na hilo ndilo linalomtofautisha na fukusi. Dumuzi hahitaji mahindi ili aishi. Anaweza kukaa kwenye miti mikavu porini, akatoboa nguzo za kihenge chenyewe, kisha akarudi kwenye nafaka. Hutoboa asichokihitaji kwa chakula, akitoa unga mwingi kuliko anaoula. Kwenye joto la nyuzi 32 na unyevu wa kutosha, yai huwa mdudu kamili kwa muda usiozidi mwezi. Anapenda mahindi yaliyo kwenye magunzi kwa sababu punje zimebanana na hazisogei anapochimba, na huko ndiko wakulima wetu walikokuwa wakiyaweka.

Watafiti waliokwenda Tabora walikuta kaya zilizopoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi yao baada ya miezi michache tu ya hifadhi. Kwa makopa ya muhogo hasara ilipita nusu. Mtu anayesoma tarakimu hizo asisahau kwamba zinahesabu uzito tu. Hazihesabu mbegu iliyoshindwa kuota wala mahindi yaliyouzwa mwezi wa Julai kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenye nayo aliogopa kuyaweka. Mwaka 1983 dumuzi alikuwa Taveta, Kenya. Mwaka 1984 alipatikana Togo, upande wa pili wa bara. Afrika Mashariki alisafiri kwa magunia, kwa malori na kwa treni, akifuata biashara ile ile iliyolisha miji.

Serikali, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na watafiti wa Uingereza, akiwemo Peter Golob, ilianzisha kampeni. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: pukuchua, pepeta, changanya na dawa, weka kwenye gunia au kihenge kilichosafishwa. Kwa mkulima aliyezoea magunzi darini, huko kulikuwa kubadili utaratibu wa nyumba nzima, kwani kupukuchua mavuno yote kwa mkono ni kazi ya wiki nyingi, na mara nyingi ni kazi ya wanawake na watoto.

Dawa yenyewe ina uhusiano na nyanda zetu ambao sioni ukitajwa vya kutosha. Makete, Njombe na Mufindi hulima pareto, ua jeupe ambalo sumu yake huangusha wadudu, na Mafinga kuna kiwanda cha kulichakata. Mwaka 1973, kwenye kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake walitangaza pemetrini, kemikali iliyobuniwa kwa kuiga sumu ya pareto lakini isiyoharibika upesi kwa jua. Ilionekana kwamba pemetrini humuua dumuzi vizuri ila fukusi kidogo, na kwamba dawa ya kundi la fosforasi, pirimifosi-methili, humuua fukusi vizuri ila dumuzi kidogo. Zikachanganywa kwenye poda moja, Actellic Super, na kipimo kikawa gramu 100 kwa gunia la kilo 100. Mchanganyiko huo ulizaliwa kutokana na kuwatambua wadudu kwa majina na tabia zao. Aliyeona wadudu wote wa ghala ni kitu kimoja asingeufikia.

Dawa iliokoa chakula kingi. Nayo ilileta matatizo yake: poda iliyokwisha muda, poda bandia, vipimo vya kukisia kwa kiganja, na hofu ya haki ya mama anayemsongea mtoto ugali wa mahindi yaliyopakwa dawa wiki mbili zilizopita. Ndipo wazo la vumbi linalonasa likarudi, safari hii likiwa na nyenzo bora kuliko jivu.

Nyenzo hiyo ni diatomiti. Diatomu ni viumbe wadogo wa majini wa seli moja ambao hujijengea ganda la silika lenye matundu mengi mno. Wakifa huzama, na baada ya muda mrefu magamba hayo huwa mwamba mweupe mwepesi. Kenya huchimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, kwenye Bonde la Ufa, pale pale ambapo Louis Leakey aligundua zana za mawe za kale. Mwamba ukisagwa huwa unga laini wenye uwezo mkubwa wa kunasa mafuta, mara nyingi zaidi ya jivu. Ule unaofaa kwa nafaka ni ule ambao silika yake haijawa fuwele, maana vumbi la fuwele huharibu mapafu. Hata ulio salama haupaswi kuvutwa, na anayeuchanganya lazima afunike pua na mdomo.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 Golob na mwenzake Tanya Stathers, wa taasisi ya maliasili ya Chuo Kikuu cha Greenwich, walishirikiana na Brighton Mvumi wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe na, kwa upande wa Tanzania, William Riwa wa Wizara ya Kilimo pamoja na wenzao kupima vumbi hili katika mazingira ya mkulima mdogo. Mwaka 2006 walichapisha matokeo ya diatomiti ghafi tano za Kiafrika, na mwaka 2008 wakatoa matokeo ya Tanzania, yaliyotokana na majaribio vijijini katika kanda zenye hali ya hewa tofauti, kwa mahindi, mtama na maharage. Diatomiti zilizotengenezwa kwa ajili ya nafaka zililinda chakula kwa msimu mzima wa hifadhi. Mahali palipokuwa na dumuzi, hata hivyo, kipimo kililazimika kupanda hadi gramu 250 kwa gunia la kilo 100.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari hii yote. Fukusi hutembea sana kati ya punje, akijipaka vumbi kila hatua. Dumuzi hutumia muda mwingi ndani ya handaki alilolichimba, amezungukwa na unga wake mwenyewe, na vumbi halimfikii sawasawa. Kwa hiyo swali la kipimo gani kinafaa haliwezi kujibiwa na mtaalamu wa mavumbi peke yake. Lazima awepo anayejua ni mdudu gani yumo ghalani, kwa wingi gani, mwezi gani.

Kuna na hali ya hewa. Vumbi huua kwa kukausha, na hewa yenye unyevu humsaidia mdudu kurudisha maji anayopoteza, huku vinyweleo vya vumbi vikijaa maji badala ya nta. Ilembula na Wanging'ombe huvuna wakati wa kiangazi, na kati ya Juni na Oktoba jua na upepo hukausha mahindi vizuri. Mvua hurudi kuanzia Novemba au Desemba, joto na unyevu hupanda pamoja, wadudu huongezeka, na vumbi hupungua nguvu katika miezi ile ile ambayo kihenge ndicho tegemeo la pekee. Juu Njombe mjini mambo ni mengine: baridi humchelewesha dumuzi, lakini ukungu huchelewesha kukauka kwa mahindi, na fukusi wa maharage anayependa baridi huwa ndiye tatizo kubwa kuliko dumuzi. Mapendekezo yanayotoka Dodoma kwa ajili ya nchi nzima hayawezi kutosha mahali pote pawili.

Zipo njia nyingine zilizojaribiwa. Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992 waliachiwa mende mdogo kutoka Amerika ya Kati, *Teretrius nigrescens*, anayewinda dumuzi kwa kufuata harufu yake. Alifanikiwa zaidi kwenye joto la pwani ya Afrika Magharibi kuliko maeneo ya baridi. Mifuko isiyopitisha hewa, iliyotokana na kazi ya Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa wakulima wa kunde Kameruni, imeenea Tanzania na huua wadudu kwa kuwanyima oksijeni, ingawa dumuzi ana meno ya kutoboa plastiki. Makambako, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, una ghala lake na vihenge vya chuma vilivyojengwa kwa mkopo kutoka Polandi. Huko mahindi hufukizwa kwa gesi na watu waliofundishwa. Mkulima wa Ilembula mwenye magunia nane chumbani analala jirani na nafaka yake, na gesi ile ni ya kuua binadamu. Kwake vumbi na mfuko ndivyo vinavyowezekana.

Mfanyabiashara wa Makambako halipendi vumbi. Diatomiti hufanya punje zisitelezeshane, gunia likajaa kwa kilo pungufu, na mahindi yakaonekana machafu. Malalamiko hayo ni ya kweli, na watafiti wameyapima pia. Jibu lake ni kutenga: mahindi ya kuuza mapema yasipakwe kitu, ya kula baada ya Januari yapakwe, na yapepetwe na kuoshwa kabla ya kupelekwa mashineni.

Ombi langu kwa wizara, kwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole na kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ni moja. Wadudu wa ghala wa mkoa wa Njombe wahesabiwe kata kwa kata, mwaka mzima, kwa mitego yenye harufu ya dumuzi na kwa kuchekecha sampuli za magunia, kama vile vipepeo wa Kitulo walivyohesabiwa. Vipimo vya vumbi vitangazwe kwa kufuata orodha hiyo, Wanging'ombe chake na Njombe chake. Wakati hilo likisubiriwa, kila kaya inaweza kuanza na kipimo cha unyevu kisicho na gharama, ambacho maofisa ugani hufundisha. Chukua chupa kavu ya kioo, weka konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funika, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi hunasa maji ya punje. Ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani, na hakuna vumbi la kununuliwa litakaloyasaidia siku hiyo.